Dirisha Wazi na Mwivi wa Usiku

Asubuhi moja ya mwezi wa Machi, wakati ambapo joto la Mombasa halipungui hata usiku wa manane, karani mmoja aliamka akaikosa suruali yake. Alikuwa ameitundika juu ya kiti kando ya kitanda, hatua mbili tu kutoka dirishani. Mlango ulikuwa umefungwa kwa komeo kama alivyouacha. Vyuma vya dirisha vilikuwa mahali pake, wala hapana hata kimoja kilichopindwa. Mkewe alipotoka nje kuteka maji ndiye aliyeiona suruali imelala mchangani chini ya dirisha, mifuko yake yote imepinduliwa. Kodi ya nyumba, ambayo bwana huyo aliitoa benki siku iliyotangulia, ilikuwa imekwenda, na simu iliyokuwa juu ya meza imekwenda nayo.

Kisa hiki si cha mtu mmoja. Kimetokea Kisauni na Changamwe, na Nairobi pia, na karibu kila aliyepatwa nacho husema neno lile lile: mwivi hakuingia ndani. Alisimama nje na fimbo ndefu yenye ndoano ya waya nchani, akavua kama mvuvi avuavyo samaki, kisha akaenda zake. Hakuvunja kioo wala kukata chuma, na mvua ikiwa inapiga mabati usiku huo, hata mbwa hasikii.

Neno hilo la kwamba mwivi hakuingia ni kweli kwa macho, lakini si kweli kwa sheria. Sheria ya Adhabu ya Kenya, Sura ya 63, katika kifungu cha 303, yasema kwamba mtu huhesabiwa ameingia nyumbani mara tu sehemu yo yote ya mwili wake, au ya chombo anachokitumia, inapokuwa ndani. Basi ndoano ikisha kupita kati ya vyuma, mwenye ndoano ameingia, ijapokuwa miguu yake i mchangani. Hali kadhalika, mtu asukumaye au ainuaye dirisha lililorudishwa tu bila kufungwa huhesabiwa amevunja nyumba, hata kama hakuna kilichovunjika. Akifanya hivyo kwa nia ya kutenda kosa kubwa kama wizi, adhabu yaweza kufika kifungo cha miaka 7. Na ikiwa ni usiku, yaweza kufika miaka 10. Usiku wa sheria una mipaka yake: waanza saa kumi na mbili na nusu jioni na kwisha saa kumi na mbili na nusu asubuhi.

Walakini kuna jambo la kuangaliwa. Dirisha lililokuwa wazi kabisa halikusukumwa na mtu wala kuinuliwa, na hapo neno “kuvunja” huwa gumu kuthibitisha. Wizi hubaki kuwa wizi na mwenyewe aweza kushitakiwa, lakini mwenye bima hupata taabu. Mikataba ya bima ya wizi aghalabu hudai alama za kuingia kwa nguvu, na suruali iliyotoka kwa ndoano haiachi alama yo yote. Afadhali mtu ausome mkataba wake kabla ya kuibiwa kuliko baada yake.

Majirani waliokusanyika asubuhi ile walikuwa na maelezo yao wenyewe. Walisema nyumba nzima imepulizwa dawa ya usingizi. Kwani mtu na akili zake awezaje kuvuliwa mali yake hatua mbili kutoka masikioni asiamke? Imani hii imeenea sana, tena si Afrika peke yake. Huko Ulaya wasafiri wanaolala katika magari yao husimulia habari kama hizo, hata Chuo cha Kifalme cha Madaktari wa Usingizi cha Uingereza kikaona heri kulitolea jambo hilo maelezo. Madaktari hao walisema haiwezekani kumlaza mtu kwa kumpulizia etha dirishani bila yeye kujua, kwa kuwa harufu yake ni kali, tena ingehitajiwa nyingi mno. Dawa hiyo huwapa taabu madaktari wenyewe hospitalini, walio na vyombo na mizani. Sembuse mtu anayejificha gizani chini ya dirisha. Mtu aliyefanya kazi tangu asubuhi, akalala kwa taabu ya joto mpaka saa nane, hahitaji dawa ili asisikie waya ukipita juu ya kiti. Hasara ya imani hii ni kwamba humfanya mwenye nyumba akate tamaa. Akisha kuamini kwamba amepulizwa, haoni faida ya kukisogeza kiti.

Karani yule, lakini, hakukata tamaa. Alikasirika.

“Mama watoto,” alisema, “leo nikitoka kazini naleta mbao na misumari. Madirisha haya yote nayapigilia. Nitakufa kwa joto, lakini mwivi hatanivua tena.”

Mkewe alikuwa amempakata mtoto wao mdogo, ambaye kwa majuma mawili alikuwa akikohoa usiku. “Na huyu je, Baba watoto?” akauliza. “Kule zahanati tumeambiwa nyumba ipate hewa. Ukipigilia madirisha, mtoto atavuta nini?”

Bwana hakuwa na jibu. Na kwa yakini swali la mama huyo ni kubwa kuliko fedha zilizoibwa. Viini vya kifua kikuu, ambavyo daktari Mjerumani Robert Koch alivitambulisha mwaka 1882, hupita katika hewa kutoka kwa mgonjwa anayekohoa hadi kwa wengine walio chumbani pamoja naye. Chumba kikifungwa, hewa ile ile huvutwa tena na tena na wote. Mwaka 2007 ulitolewa utafiti uliofanywa katika hospitali za mji wa Lima, nchi ya Peru. Wataalamu walipima hewa ya vyumba, wakaona kwamba madirisha na milango ikifunguliwa, hewa yote ya chumba hubadilika kama mara 28 kwa saa moja, zaidi ya maradufu ya mara 12 zinazotakiwa katika vyumba vinavyotegemea mashine. Vyumba vya majengo ya zamani, vyenye dari ndefu na madirisha makubwa, vilivishinda vile vya kisasa. Hayo yalikuwa mahospitali. Lakini hewa haitambui kwamba hapa ni hospitali na pale ni chumba cha kupanga.

Huko bara kwenye baridi hatari ni nyingine, tena ni ya upesi zaidi. Mwezi wa Julai, katika Nairobi na Limuru na Nyahururu, watu huingiza jiko la makaa chumbani ili walale na joto, na kwa kuogopa wevi na baridi hufunga kila tundu. Makaa yanayowaka mahali pasipo hewa ya kutosha hutoa gesi iitwayo kaboni monoksidi. Haina rangi wala harufu, nayo huishika damu kwa nguvu kuliko oksijeni, hata damu isiweze tena kuchukua hewa mwilini. Mtu huumwa kichwa kidogo, husinzia, na wengi hawaamki. Karibu kila mwaka wa baridi habari za namna hiyo husikika. Jiko la makaa lisilale chumbani na watu; na hata likitumiwa jioni kabla ya kulala, dirisha liwe wazi. Aliyefunga madirisha kwa kuogopa kupoteza simu, akawasha makaa ndani, amewatia watu wake katika hatari kubwa kuliko mwivi.

Jioni ile karani alirudi bila misumari. Alipita kwanza kwa mzee mmoja jirani yake, fundi seremala aliyejenga nyumba nyingi za mtaa ule.

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba, mwanangu. Nimesikia habari za suruali yako. Pole.”

“Nimekwisha kupoa, mzee. Nataka kujua kama naweza kulala na dirisha wazi nisiibiwe.”

Mzee alicheka kidogo, akasema, “Wazee wa pwani hii walikuwa wakilala hivyo kabla mimi na wewe hatujazaliwa. Nenda Lamu ukatazame.”

Mzee alisema kweli. Katika nyumba za mawe za Lamu, nyingi zao za karne ya 18, ukuta ulio upande wa njia ni mtupu karibu wote. Mpita njia haoni dirisha la kuchungulia. Ndani mna kiwanda, yaani ua ulio wazi juu, na vyumba huelekea huko. Hewa huteremka kiwandani, upepo huzunguka, na watu hupumua bila kuipa njia nafasi ya kutia mkono. Na katika Mji wa Kale wa Mombasa zimesalia roshani zilizozibwa kwa kimia cha mbao: upepo hupita, na aliye ndani huona nje bila kuonekana. Shabaha kubwa ya mambo hayo ilikuwa stara ya nyumba, lakini mtu wa ndoano naye hapati kitu.

Si kila mtu aweza kujenga nyumba ya Lamu, wala chumba cha kupanga hakina kiwanda. Lakini kanuni yake yaweza kutumika hata katika nyumba ya mabati: pahali pa kupitia hewa si lazima pawe pahali pa kupitia mkono. Hewa ya moto hupanda juu. Basi matundu yaliyo juu kabisa, chini ya dari, huitoa hewa iliyochoka usiku kucha, na hewa mpya huingia mahali pengine. Matundu ya namna hiyo, yakiwa katika kuta mbili zinazokabiliana, hufanya kazi nzuri kuliko dirisha moja kubwa lililo peke yake. Kwa kuwa upepo usio na pa kutokea hauingii sana. Fundi aweza kuacha matofali yenye matundu juu ya kila dirisha wakati wa kujenga. Katika nyumba iliyokwisha kujengwa aweza kutoboa na kuweka wavu wa waya mgumu. Gharama yake si kubwa.

Kuhusu dirisha lenyewe, mzee alianza kwa kuvitikisa vyuma vya karani. Havikutikisika, naye akavisifu, kisha akapitisha mkono wake kati yake mpaka begani. “Hivi,” akasema, “ni vyuma vya kumzuia ng'ombe.” Nafasi kati ya chuma na chuma haifai kuzidi inchi 4, yaani sentimita 10. Mahali kichwa kipitapo, mwili mwembamba nao hupita, na wako wevi wanaotumia watoto kwa kazi hiyo. Tena vyuma viingie katika ukuta wenyewe wakati wa kujenga. Vile vilivyopigiliwa kwenye fremu ya mbao vina nguvu za fremu tu, na fremu iliyoliwa na mchwa hung'oka yote pamoja na vyuma vyake. Vile vilivyofungwa kwa parafujo kutoka nje ni pambo. Mwenye bisibisi huvifungua kwa utulivu kama fundi aliyeitwa. Yafaa kuyaangalia pia madirisha ya vipande vya vioo vilivyopangwa kama magamba, ambayo ni mengi huku pwani. Hupitisha hewa vizuri sana, lakini kila kipande chaweza kuchomolewa mahali pake kimya kimya na kuwekwa chini bila kuvunjika. Dirisha la namna hiyo lisilo na vyuma nyuma yake ni sawa na mlango.

Lakini chuma hata kiwe chembamba na karibu namna gani, fimbo na waya hupita. Dawa ya ndoano ni wavu. Wavu wa waya wenye matundu madogo, uliokazwa ndani ya vyuma kwa fremu yake, humzuia mvuvi wa nguo, na pamoja naye humzuia mbu. Hivyo gharama moja hulipa madeni mawili. Wavu laini wa plastiki ni mzuri kwa mbu, ila wembe huupasua mara moja. Aliye na fedha kidogo aanze na waya katika dirisha la chumba cha kulala, ayaache mengine mpaka mwezi ujao.

Hapo ndipo karani aliposema kwamba basi ataviongeza vyuma madirisha yote, vinene, na kuvichomelea kabisa visifunguke milele. Mzee akamwuliza, “Na moto ukiwaka mlangoni, mwanangu, mtatokea wapi?”

Swali hili Kenya imelijibu kwa uchungu. Usiku mmoja wa Machi 2001 moto uliwashwa kwa petroli katika bweni la Shule ya Sekondari ya Kyanguli, wilaya ya Machakos. Madirisha yalikuwa na vyuma, na mlango mmoja katika miwili ulikuwa umefungwa. Wavulana 67 walikufa. Mwongozo wa usalama wa shule uliotolewa na Wizara ya Elimu mwaka 2008 wataka madirisha ya mabweni yasiwe na vyuma, nayo yafunguke kwa wepesi kuelekea nje. Nyumba ya mtu si bweni, na hakuna mwongozo wa namna hiyo unaomkataza kuweka vyuma kwake. Lakini godoro la sponji huwaka nyumbani kama liwakavyo shuleni, na mtungi wa gesi na taa ya mafuta ya taa vi katika nyumba nyingi.

Kwa hiyo katika kila chumba cha kulala dirisha moja liwe na vyuma vinavyofunguka. Fundi wa kuchomelea huvitengeneza kama mlango mdogo, wenye bawaba zilizofichwa ndani ya ukuta na kufuli upande wa ndani. Upana wake uwe wa kumpitisha mtu mzima. Wengi wamefanya hivyo, kisha wakaliharibu jambo lote kwa ufunguo: wameutia sandukuni, au umo katika mkoba wa mama, au umechanganywa na funguo nyingine kumi. Katika moshi mtu hana dakika ya kuchagua funguo. Ufunguo wa dirisha uwe peke yake, utundikwe katika msumari mmoja karibu na dirisha hilo, chini, kwa kuwa moshi hukaa juu na mwenye kutoroka hutambaa. Kila aliye nyumbani aujue, mgeni naye aonyeshwe. Lakini usiwe mahali ambapo ndoano yafika, maana hapo mwivi atakuwa amepewa ufunguo wa nyumba.

Mambo ya nje ni machache. Ua wa kayaba wenye miiba ni mlinzi mwema, mradi ukatwe usizidi kimo cha dirisha; ukiachwa urefuke humficha mwivi vizuri kuliko unavyomzuia. Ngazi isilale nje, wala pipa lisisimame chini ya dirisha. Mkulima aliye mbali na majirani apata faida kwa kufuga kanga, ndege wenye kelele nyingi, ambao hawamzoei mgeni hata akiwatupia mtama. Taa ya nje husaidia pale tu palipo na mtu wa kutazama.

Majuma mawili baadaye kazi ilikuwa imekwisha katika nyumba ya karani: matofali ya matundu juu, wavu wa waya, vyuma vipya, na katika chumba cha kulala dirisha moja la kufunguka. Wavu wa dirisha hilo ulikuwa haujaletwa bado. Saa mbili usiku mzee akaja na fimbo ya hatua nne, ameifunga ndoano ya waya nchani.

“Zimeni taa,” akasema. “Mlale kama mlalavyo kila siku. Mimi leo ni mwivi.”

Walilala, wakijizuia kucheka. Ndoano ikaingia taratibu kati ya vyuma, ikapapasa, ikatoka na kitambaa cha meza. Mama watoto akawasha taa, akaisukuma meza mpaka ukuta wa pili. Mara ya pili ndoano iliipata kanga iliyotundikwa juu ya kamba, na ilipokuwa ikirudi ikaugusa ufunguo kwenye msumari wake, ukalia juu ya chuma. Kamba ikahamishiwa nyuma ya mlango, pamoja na suruali ya bwana. Msumari ukang'olewa, ukapigiliwa upya kwenye ukuta ule ule wa dirisha, upande wa kushoto, shubiri tatu kutoka sakafuni, nyuma ya pembe ya kabati. Mara ya tatu fimbo ilizunguka chumba kizima ikagonga ukuta mtupu.

Kisha bwana akamwita mtoto wake mkubwa, mwenye umri wa miaka saba, akamfunga kitambaa machoni, akamwambia atambae kutoka kitandani autafute ufunguo. Mara ya kwanza alikwenda kulia akagonga mlango. Mara ya nne aliupata bila kupapasa, akaufungua mlango mdogo wa vyuma, na mzee aliyekuwa nje akampokea mikononi.

Usiku huo walilala dirisha likiwa wazi.